Shahada ya mwalimu wa sayansi huonekana pale mwanafunzi anapokosea

Mzazi anayetafuta mwalimu wa kukaa na mtoto wake peke yake kwa ajili ya fizikia, kemia au biolojia huanza kwa kuuliza: ana shahada gani, na alifaulu vipi? Ni swali la haki. Lakini jibu lake halimfikishi mbali. Cheti kinasema mwalimu alijua nini siku ya mtihani wake mwenyewe, na kufundisha mtu mmoja kunadai zaidi ya hapo: usikie jibu lisilo sahihi, kisha utambue ni wazo gani lililolizaa. Nitaeleza hapa jinsi elimu ya mwalimu inavyogeuka kuwa ujuzi huo, jinsi vipindi vya ana kwa ana vinavyopangwa, na mahali vinapoharibika.

Nianze na swali moja la kemia, kwa sababu ndani yake kazi nzima inaonekana.

Gramu 5.6 za chuma zinapashwa moto pamoja na gramu 4.8 za salfa, navyo vinaungana kuwa FeS, salfaidi ya chuma. Zitapatikana gramu ngapi za FeS? Moli ni kipimo cha idadi ya chembe: tungamo la moli moja ya chuma ni gramu 56, la salfa ni gramu 32. Basi tuna moli 0.1 ya chuma na moli 0.15 ya salfa. Vinaungana moja kwa moja, kwa hiyo chuma kinakwisha kwanza. Inapatikana moli 0.1 ya FeS, yaani gramu 8.8, na gramu 1.6 za salfa zinabaki bila kazi.

Sasa tazama majibu yanayokosewa. Anayeandika 10.4 amejumlisha gramu. Anajua kwamba tungamo halipotei, na hilo ni jambo jema, ila anaamini kila kilichowekwa lazima kiungane. Anayeandika 13.2 amekokotoa moli vizuri kabisa, kisha akaanzia kwenye salfa, mara nyingi kwa sababu gramu 4.8 ni chache kuliko gramu 5.6 na yeye anahesabu kinachokwisha kwanza kwa gramu. Anayeandika 22 amejumlisha moli 0.1 na 0.15 akapata 0.25, akazidisha kwa 88. Huyu hajaelewa kwamba mlinganyo wa kemia unaeleza uwiano. Hawa ni wanafunzi watatu wenye mahitaji matatu, na somo moja la marudio la "moli kuanzia mwanzo" litawachosha wote bila kumponya hata mmoja. Wa kwanza anahitaji kuchora chembe: duara kumi za chuma, kumi na tano za salfa, aziunganishe mbili mbili aone zinazobaki. Wa pili anahitaji kuulizwa tu: umepata gramu 13.2, uliweka gramu ngapi kwa jumla? Wa tatu arudishwe kwenye maana ya namba zinazotangulia alama katika mlinganyo.

Kuna na yule anayeandika 8.8. Mwalimu mwenye haraka humpongeza na kusonga mbele. Lakini huenda kanuni yake ni "chenye moli chache ndicho kinachokwisha", na hapa imempa jibu sahihi kwa bahati, kwa kuwa uwiano ni moja kwa moja. Mpe N₂ + 3H₂ → 2NH₃, moli 0.2 ya nitrojeni na moli 0.3 ya haidrojeni. Kwa kanuni yake nitrojeni inakwisha kwanza na amonia inakuwa moli 0.4. Kumbe moli 0.2 ya nitrojeni ingehitaji moli 0.6 ya haidrojeni, ambayo haipo. Haidrojeni ndiyo inayokwisha, na amonia ni moli 0.2 tu.

Namba zenyewe nazo hazikuokotwa. Kama swali lingetoa gramu 5.6 za chuma na gramu 3.2 za salfa, moli zingelingana, na aliyejumlisha gramu angepata 8.8 sawa na aliyeelewa. Swali la namna hiyo linaficha ugonjwa. Kutunga swali ambalo kila njia potofu inaishia kwenye namba yake ni kazi ya dakika ishirini mezani kabla mwanafunzi hajafika, na hapo ndipo shahada ya kemia inapolipa.

Elimu gani hasa inahitajika

Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba mwalimu anahitaji aina ya maarifa iliyo kati ya somo na ufundishaji: kujua mada fulani inawashinda wapi wanafunzi, wanaingia darasani na mawazo gani, na mfano upi unafungua mlango. Mtu anaweza kuwa na shahada ya uzamivu bila maarifa hayo. Mwaka 1981 Michelene Chi na wenzake waliwapa wataalamu na wanaoanza maswali ya fizikia wayapange katika mafungu. Wanaoanza waliyapanga kwa sura ya nje, ya mteremko huku, ya springi kule. Wataalamu waliyapanga kwa kanuni inayoyatatua, kama vile hifadhi ya nishati. Mtaalamu hauoni tena mteremko anaouona mwanafunzi, na asipofanya bidii ya kurudi kuutazama, maelezo yake yatapita juu ya kichwa cha mtoto huku yeye akishangaa kinachomshinda ni nini.

Hata hivyo nisieleweke vibaya: kina cha somo hakina mbadala. Chukua ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Katika biolojia mwanafunzi husikia kwamba bondi ya ATP, yaani kifungo kinachoshika atomu pamoja, ikivunjika nishati hutoka. Katika kemia husikia kwamba kuvunja bondi hula nishati. Anaandika yote mawili, na aliye makini ndiye anayechanganyikiwa zaidi. Mwalimu aliyekariri biolojia peke yake atasema "biolojia ndivyo ilivyo." Aliyesoma kemia ya nishati atamwambia kwamba kuvunja bondi hugharimu nishati siku zote. ATP humenyuka na maji, na bondi mpya zinazoundwa, pamoja na jinsi mazao ya mmenyuko yanavyotulia ndani ya maji, hurudisha nishati zaidi ya iliyotumika. Tofauti yake, katika hali sanifu, ni takriban kilojuli 30 kwa moli. Kisha ataonyesha hesabu nyepesi ya kuthibitisha kanuni: haidrojeni ikiungana na klorini, kuvunja moli moja ya bondi za H–H ni kilojuli 436, Cl–Cl ni 242, jumla 678, kuunda moli mbili za H–Cl kunarudisha 862, kilojuli 184 zinatoka nje. Hesabu hiyo ya dakika tatu huondoa mkanganyiko ambao mwanafunzi anaweza kuubeba miaka.

Kwa hiyo unapomhoji mwalimu, baada ya kuuliza shahada, mchagulie mada moja na umuulize: wanafunzi hukosea wapi hapa, na kwa nini? Anayejua kazi atakupa makosa matatu au manne mahususi bila kufikiri sana, kila moja na chanzo chake. Asiyejua atasema hawasomi, au msingi wao ni mbovu. Muulize pia ni mada zipi asizozifundisha. Mhitimu wa fizikia anayekubali kufundisha jenetiki ya kiwango cha juu kwa kusoma ukurasa mmoja mbele ya mwanafunzi anaweza kueleza, lakini hawezi kutambua kosa lisilo kwenye kitabu. Swali la mwisho ni la mtaala: ameona mtihani ambao mtoto ataufanya, pamoja na jinsi unavyosahihishwa? Kuna mitihani inayotoa alama kwa hatua, na kuna inayonyima alama kwa kizio (kama mita au gramu) kilichosahaulika.

Kipindi cha kwanza si cha kufundisha

Saa moja ya kwanza yote iwe ya kusikiliza. Dakika kumi za mazungumzo: anasoma lini, karatasi zake za mitihani zimebeba makosa gani, mwalimu wake wa darasani amefika mada ipi. Karatasi zilizosahihishwa zina thamani kuliko ripoti ya alama. Asilimia 48 haisemi chochote mpaka uone alama zilidondokea wapi. Dakika zinazobaki ni za maswali sita hadi manane ambayo mwanafunzi anayafanya huku akisema kwa sauti anachofikiri. Mwalimu anaandika. Hasahihishi, hatikisi kichwa, hasemi "karibu!"

Sehemu ngumu ni kunyamaza. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu huwa wanangoja kama sekunde moja baada ya kuuliza, kisha wanajaza ukimya. Wakingoja sekunde tatu au zaidi, majibu yanarefuka na wanafunzi wengi zaidi wanajaribu. Mezani kwa mtu mmoja naona hata sekunde kumi si nyingi. Ukimya huo ni wa mwanafunzi, anautumia.

Swali moja la fizikia lisikose. Mpira umerushwa wima juu, sasa uko kileleni, puuza ukinzani wa hewa. Chora kani zinazoukabili. Wengi huchora mshale wa juu na kuuita "kani ya kurusha", halafu huufupisha hadi ulingane na uzito kwa sababu mpira "umesimama". Usimwambie amekosea. Mwulize kila mshale mwenyewe ni nani: kitu gani, kwa wakati huu, kinausukuma mpira juu? Mkono umeshauachia. Akikwama, mwulize pia kama mchapuko ungekuwa sifuri pale juu, na kasi ni sifuri, mpira ungeanzaje kushuka? Ungebaki huko huko. Kasi ni sifuri kwa nukta hiyo, lakini mchapuko ni mita 9.8 kwa sekunde mraba kuelekea chini, njia nzima, kupanda na kushuka. Wazo kwamba penye mwendo lazima pawe na kani inayosukuma ni gumu kung'oka kuliko yote katika fizikia ya sekondari, na litarudi tena kwenye mwendo wa duara, kwenye setilaiti, hata kwenye gari linalokwenda kwa kasi isiyobadilika. Lipangie wiki kadhaa.

Kisha ipimwe aljebra, maana matatizo mengi yanayoitwa ya fizikia si ya fizikia. Mpe mfululizo huu kwa utaratibu: 12 = 60/x, tafuta x. Kisha v = d/t, tafuta t. Kisha R = ρL/A, tafuta A. Akiweza la kwanza na kushindwa la pili, hesabu anaijua. Herufi ndizo zinazomtisha. Dawa yake ni kutatua swali lile lile mara mbili sambamba, upande mmoja kwa namba na mwingine kwa herufi, mstari kwa mstari. Akishindwa la kwanza, simamisha fizikia kwa vipindi viwili na ufundishe milinganyo, bila aibu, na mwambie mzazi kwa nini.

Vizio navyo vipimwe hapo hapo. Sentimita za mraba 50 ni mita za mraba ngapi? Jibu ni 0.005, kwa sababu unagawanya kwa 10,000. Anayegawanya kwa 100 atapata 0.5 na jibu lake la shinikizo litapungua mara mia. Kwa sentimita za ujazo ni 1,000,000. Mchoree mraba wa mita moja uliogawanywa sentimita mia kwa mia, ayaone mwenyewe.

Kumfuata mwanafunzi ni kufuata nini

Kuna dai linalopendwa sana, kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa macho, huyu wa masikio, huyu wa mikono, na mwalimu mzuri humfundisha kwa mtindo huo. Silikubali, na ushahidi uko upande wangu. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia utafiti uliokuwepo na hawakukuta uthibitisho wa kutosha kwamba kulinganisha mafundisho na mtindo huo kunaongeza matokeo. Mchoro wa saketi unatakiwa na kila mtu kwa sababu saketi ina umbo, hata kwa yule anayejiita wa masikio.

Vinavyobadilika kwa kila mwanafunzi ni vinne: mpangilio wa mada kulingana na mashimo aliyonayo, kiasi cha msaada ndani ya kila swali, kasi, na muda kabla ya kurudia. Hilo la msaada ndilo ninalolithamini kuliko yote, nalo linaonekana vizuri kwenye titresheni, yaani kutafuta ukolezi wa besi kwa kuibatilisha na asidi.

Sentimita za ujazo 25.0 za besi NaOH zimebatilishwa na sentimita za ujazo 20.0 za asidi HCl yenye moli 0.10 kwa desimita ya ujazo. Ukolezi wa NaOH ni upi? Hatua ni tano: andika mlinganyo, geuza ujazo kwa kugawanya kwa 1000, moli za asidi ni 0.10 × 0.0200 = 0.0020, uwiano ni 1:1, kwa hiyo NaOH nayo ni 0.0020, gawanya kwa 0.0250 upate 0.080. Swali la kwanza mwalimu analitatua lote, na mwanafunzi anaeleza sababu ya kila mstari. La pili linakuja na hatua nne zimeandikwa, ya tano anaimalizia mwenyewe. La tatu linakosa hatua mbili za mwisho. Unarudi nyuma hivyo mpaka karatasi iwe tupu. Anayekwama hatua ya uwiano anabaki hapo hapo kwa maswali matatu zaidi, huku mwenzake akiruka moja kwa moja hadi karatasi tupu, kwa sababu mifano iliyotatuliwa humsaidia anayeanza na humchelewesha aliyekwisha kuelewa.

Kisha badilisha asidi iwe H₂SO₄, namba zikibaki zile zile. Sasa uwiano ni 1:2, moli 0.0020 za asidi zinabatilisha moli 0.0040 za NaOH, na jibu ni 0.16. Aliyeshika kanuni ya mkato ya kuzidisha ujazo na ukolezi pande zote mbili ataandika tena 0.080. Bora aikosee hapo mezani.

Katika biolojia njia ni hiyo hiyo ingawa hesabu ni chache. Uliza tungamo la mti mkubwa limetoka wapi. Wengi watasema udongoni. Wape jaribio la Jan Baptist van Helmont, lililochapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake: mche wa mwilo (willow) wa ratili 5 ukapandwa kwenye ratili 200 za udongo mkavu, ukamwagiliwa miaka mitano, ukafika ratili kama 169, na udongo ukapungua wakia mbili hivi. Yeye alihitimisha kwamba mti umetokana na maji. Mwache mwanafunzi amkosoe van Helmont: katika 6CO₂ + 6H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂, kaboni imeingia kutoka wapi? Akijibu kwamba ni hewani, mwulize mmea unapumua saa ngapi. Jibu la "usiku tu" linakuambia anadhani usanisinuru na upumuaji ni kitu kimoja kinachogeuzwa upande. Seli za mmea hupumua mchana na usiku, ila mchana usanisinuru huufunika.

Kati ya kipindi na kipindi

Kuelewa leo si kukumbuka mwezi ujao. Jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006 liliwalinganisha waliosoma matini tena na tena na waliosoma kisha wakajipima. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima waliwapita. Kwa hiyo kila kipindi kianze na maswali manne bila kufungua daftari: mawili ya kipindi kilichopita, moja la wiki mbili nyuma, moja la zamani zaidi. Dakika nane. Hapo hapo unajua kama mada ya leo iendelee.

Daftari la makosa liwe na safu tatu: nilichoandika, nilichokuwa nafikiri, nitakachokagua safari ijayo. Safu ya kati ndiyo ya maana na ndiyo inayoachwa wazi. "Sikuwa makini" haikubaliki pale, ni lazima liandikwe wazo, kwa mfano "nilidhani mkondo wa umeme unapungua ukipita balbu ya kwanza."

Mambo yanayoharibu vipindi hivi yanajirudia. Mwalimu anashika kalamu yeye. Ukiona mwandiko wake ndio umejaa daftari la mtoto, jua nani amefanya kazi. Kazi ya nyumbani ya shule inageuka kuwa ajenda, alama za kazi hizo zinapanda na za mtihani hazisogei. Mwanafunzi anaulizwa "umeelewa?" naye anasema ndiyo, kwa adabu tu; mwambie akueleze yeye, au mpe swali lililobadilishwa kidogo. Na karatasi za mitihani iliyopita zinaanza mapema mno, kabla mashimo hayajazibwa, hivyo anakariri sura za maswali.

Wazazi nao wapewe matarajio ya kweli. Benjamin Bloom aliandika mwaka 1984 kwamba wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja waliwapita wenzao wa darasa la kawaida kwa takriban mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani), na namba hiyo bado inatumika kutangaza masomo ya ziada. Mapitio ya Kurt VanLehn ya mwaka 2011 yalikuta athari ya karibu mkengeuko sanifu 0.8. Hiyo bado ni faida kubwa, na ndiyo ya kuahidi.

Ripoti kwa mzazi iwe mistari mitano kila baada ya vipindi vinne: kosa lililokuwepo, lililofanyika, swali linaloonyesha limeondoka au halijaondoka, kinachofuata, na kazi ya nyumbani isiyozidi dakika thelathini kwa siku. Maswali manne ya mwanzo wa kipindi yakipatikana yote kwa wiki tatu mfululizo, punguza vipindi kutoka viwili kwa wiki hadi kimoja. Yakiendelea kupatikana mwezi mzima, mada hiyo ifungwe na malipo yake yasimame.